Ngozi Isiyo na Masikio

Mikinduri,
14 Januari 2025

Wewe Mutwiri,

Kutoka Embu hadi hapa kwangu ni safari ya asubuhi moja, na wewe umeifanya miezi mitano. Ulikuja Agosti, ukanywa uji wangu vikombe vitatu, ukaweka kinasa sauti mezani karibu na chumvi, ukanihoji kama polisi wa barabarani, ukaenda. Tangu siku hiyo, kimya. Krismasi tulichinja. Nilikuwekea mguu wa mbuzi mpaka mafuta yakaganda, nikampa mbwa. Mbwa alishukuru. Yeye anajua kushukuru na hajaenda chuo.

Nimekupigia simu mara saba. Kuna mama fulani huko ndani ananiambia mteja hapatikani. Nimemwambia sitafuti mteja, natafuta mjukuu. Hajibu, anarudia tu. Kwa hivyo nimeamua kuandika, maana barua huwezi kuizima.

Ulipewa jina la mume wangu, na mume wangu hakuwa mtu wa kujificha. Akikosea, alikuwa anakuja kusimama mlangoni na kofia mkononi mpaka nimalize kumgombeza, halafu anaingia kula. Wewe umechukua jina ukaacha miguu yake.

Anayeniandikia ni Rukia, mjane wa Mzee Koome, yule wa cherehani karibu na soko. Unamjua, siku ile ulitoka kwangu ukaenda kumhoji na yeye. Mimi shule sikuona hata mlango wake. Rukia aliletwa hapa kutoka Isiolo akiwa bibi arusi, Kimeru anakiongea lakini hakiandiki, na wewe chako umekichanganya na Kiembu cha mama yako mpaka hakieleweki. Basi Kiswahili kitutoshe sisi watatu.

Kanisani, Kaimenyi wa kwaya anatangaza kwamba umesilimu kwa sababu unaandika mambo ya pesa za Waislamu. Nimemwambia, "Hata akisilimu ataendelea kuwa mjukuu wangu, lakini wewe hata ukiimba miaka mia hutakuwa mwimbaji." Sasa hanisalimii. Nimepumzika.

Niambie hiyo kazi imefika wapi. Ulisema hadithi yangu ndiyo nguzo ya nyumba yote. Nimewaambia akina mama wote wa kikundi chetu. Mzee Koome aliniwekea ng'ombe zizini kwangu, nikamlisha kwa mkono wangu, ng'ombe akafa, nikapeleka ngozi kama desturi inavyotaka, na mzee wa watu akasema, "Hasara ni yangu, Mama Kithaka, nenda nyumbani." Hakuna karatasi, hakuna riba, hakuna kelele. Waambie hao wasomi wako hivyo hivyo.

Rukia ameacha kuandika, anaangalia nje. Namwambia andika. Anasema kalamu imekwama.

Shosho wako,
Gatakaa
(kwa mkono wa Rukia)


Majimbo, Embu,
25 Januari 2025

Shosho mpendwa,

Shikamoo. Na kwako pia Mama Rukia, unayemsomea, shikamoo.

Nimepata barua yako kwenye ofisi ya mizigo. Nimestahili kila neno, hata la mbwa. Nisamehe. Chuoni nasahihisha mitihani ya madarasa matatu na mkataba wangu unaisha Juni. Wameniambia wazi: makala ikitoka, nathibitishwa kazini; isipotoka, nitafute pengine.

Sijasilimu, Shosho. Mwambie Kaimenyi aendelee kuimba. Ninachoandika ni hivi. Katika uchumi wa Kiislamu kuna ushirika unaoitwa mudaraba. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi. Faida wanagawana walivyopatana tangu mwanzo. Mali ikipotea bila hila ya mfanyakazi, hasara ni ya mwenye mali, na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Mimi nasema kwamba watu wa huku walikuwa wanaishi jambo hilohilo na ng'ombe wa kuwekeana, mmoja anatoa ng'ombe, mwingine anamlisha, ndama wanagawana, Mkristo na Mwislamu, bila kitabu. Hapo ndipo unapoingia.

Jarida limekubali makala, imebaki kitu kimoja. Mhariri anataka kila mtu ambaye maneno yake yamenukuliwa asomewe, na akikubali kwamba ndivyo alivyosema na ndivyo ilivyokuwa, aweke sahihi au alama ya kidole gumba. Nimekutafsiria sehemu yako. Iko kwenye bahasha hii. Inasema:

"Bi G., mkulima wa Mikinduri, alipokea ng'ombe wa mfanyabiashara Mwislamu mwaka 1989. Ng'ombe alipokufa kwa ugonjwa, alimpelekea mwenyewe ngozi nzima pamoja na masikio yenye alama ya kukatwa ya mwenye mali, kama ushahidi. Mwenye mali aliibeba hasara yote bila kudai chochote."

Kuna nafasi ya kidole chini. Nimeweka na wino. Tafadhali irudi kabla ya mwisho wa Machi.

Kuja siwezi kwa sasa. Si kwamba sitaki. Nitakuja.

Mjukuu wako,
Mutwiri


Kaaga, Meru,
6 Februari 2025

Mutwiri,

Usishangae mwandiko. Nimekuja hapa Kaaga kwa shangazi yako Joyline, binti wa kaka yangu, mwalimu mstaafu, ndiye anayeandika. Nimemwambia Rukia naenda kuonyesha daktari goti. Goti langu ni zima kama la ndama.

Hiyo karatasi sitaiweka kidole.

Rukia alinisomea mara moja. Nikasema soma tena. Akasoma tena polepole, kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipofika kwa masikio akainua macho akanitazama, akamaliza. Kisha akafungua ule wino, akanishika mkono. Mkono wangu, Mutwiri, alikuwa ameushika yeye. Nikauvuta. Nikasema wino huu unanuka. Akasema, "Wino haunuki, Mama Kithaka." Nikasema basi ni pua yangu.

Niondoe kwenye hiyo kazi. Tafuta mwanamke mwingine, wako wengi waliowekewa ng'ombe. Kanisa halitapenda jina langu likae na mambo ya Waislamu. Ndiyo sababu. Usiniulize nyingine.

Joyline ananitazama juu ya miwani. Anasema, "Shangazi, tangu lini wewe ukaogopa kanisa?" Nimemwambia aandike anachoambiwa, sijaja kusahihishwa, mimi si daftari.

Na usimwandikie Rukia habari hii. Usimwambie chochote.

Kama kazi yako inategemea mimi, basi pole, mwanangu. Najua ni nini nakunyima. Sijalala vizuri tangu kidau kile cha wino kifunguliwe.

Gatakaa


Majimbo, Embu,
15 Februari 2025

Shosho,

Barua hii naipitisha kwa Shangazi Joyline. Shangazi, tafadhali msomee mkiwa wawili tu, na baadaye isitoke nyumbani kwako.

Shosho, si kanisa. Mimi najua, na nimejua tangu Agosti.

Siku ile nilipotoka kwako nilienda kwa Mama Rukia nikiwa nimejaa furaha. Nilitaka tu anithibitishie. Nilimwambia, "Shosho ameniambia alileta ngozi na masikio." Alikuwa anashona gauni la shule, akasimamisha cherehani. Akaniuliza, "Amesema na masikio?" Nikasema ndiyo, mimi ndiye niliyemwuliza, akasema na masikio. Kisha akasema, "Mwanangu, ile ngozi haikuwa na masikio. Niliipokea mimi mwenyewe kwenye hiki kizingiti. Tena ng'ombe wetu alikuwa mwekundu mtupu, na ile ngozi ilikuwa na doa jeupe kwenye paja, limepakwa majivu na mafuta." Akaendelea kushona.

Ndiyo maana sikuja Krismasi. Haikuwa mitihani. Sikujua ningekaa vipi mezani, ninywe maziwa yako, nikutazame usoni bila wewe kuona kwamba najua. Nilikuonea aibu, halafu nikajionea aibu mimi kwa kukuonea aibu.

Lakini langu ni baya zaidi, na sijamwambia mtu. Maneno ya Mama Rukia ninayo kwenye kinasa sauti, dakika kumi na nne, sauti safi kabisa. Kwenye makala nimeandika kwamba niliwahoji watu kumi na moja na kwamba sauti ya mmoja iliharibika ikashindwa kutumika. Haikuharibika. Niliificha kwa sababu ingekuanika, na kwa sababu ingevunja nguzo. Hadi leo sijui ni sababu ipi iliyotangulia. Mhariri sasa anaomba hata kidole cha huyo ambaye sauti yake iliharibika, athibitishe kwamba alihojiwa.

Ukitaka, nitatoa sehemu yako yote nimwambie mhariri umebadili nia. Ni haki yako, na hatauliza kwa nini. Nifanye nini? Niambie, nitafanya.

Mutwiri


Mikinduri,
8 Machi 2025

Mutwiri,

Huu ni mwandiko wa Rukia, umeujua. Usishtuke. Nimekuja kwake mwenyewe na miguu yangu, na kila kitu utakachosoma hapa ameshakisikia, kwa sababu yeye ndiye anayekiandika.

Barua yako Joyline alinisomea mpaka mwisho, akavua miwani, akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nimekaa na maneno yako karibu wiki tatu. Nimelima nayo, nimekama nayo. Jana nikasema, mtu wa miaka yangu atasubiri nini, kufa? Nikifa nitaombewa na kusifiwa, na Rukia atakuwa amekaa hapo benchi la mbele anasikiliza. Hapana.

Basi nimekuja leo asubuhi. Amefunga, ni Ramadhani, kwa hivyo hakuna chai ya kujifichia. Nikamwambia, chukua kalamu, namwandikia Mutwiri. Nikaanza.

Nilisema hivi, na yeye ameandika hivi:

Yule ng'ombe hakufa. Nilimwuza.

Baba yako Kithaka alikuwa kidato cha nne. Alirudishwa nyumbani kwa karo wiki mbili kabla ya mtihani, na mume wangu alikuwa amelala hospitali na kifua. Mzee Koome alikuwa safarini. Ningeweza kumngoja arudi nikamwomba, na angenipa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angenipa. Lakini sikutaka kuonekana nimesimama kwenye duka la mtu na mikono mitupu, mimi Gatakaa, binti wa watu waliokuwa na zizi. Niliona afadhali wizi kuliko kuomba. Akapita mnunuzi anayepeleka ng'ombe Isiolo, nikamkabidhi kamba alfajiri, na kabla ya saa sita baba yako alikuwa njiani kurudi shule.

Halafu nikaenda kichinjioni nikanunua ngozi. Nilitafuta nyekundu, nikapata yenye doa. Lile doa nililipaka majivu na mafuta. Masikio nilikata mwenyewe, kwa sababu ng'ombe wa Koome alikuwa na alama yake sikio la kushoto, na hii haikuwa na kitu. Nilimwambia Rukia kwamba mbwa wameyala. Alikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja, ana mimba, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Hapo ndipo alipoacha kuandika. Akaweka kalamu juu ya cherehani, akatoka nje. Nilimwona mgongo tu. Nikajiambia, amekwenda, na ana haki. Nikakaa. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono yangu. Akarudi, akaketi, akasema, "Rudia. Baada ya Isiolo nimekosa neno."

Nikarudia yote. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, usidanganywe na mtu.

Sasa sikiliza la mwisho, ambalo hata yeye hakukuambia. Koome aliporudi aliitandaza ile ngozi uani, akaitazama. Wiki iliyofuata akaniletea mtamba mwingine, hajazaa bado, akasema huyu nilishe na huyu. Ng'ombe wote waliopo zizini kwangu leo wametoka kwa huyo. Maziwa uliyokulia kila likizo ukija hapa yametoka kwa huyo. Miaka thelathini na mitano nimekuwa nikijiambia kwamba hakujua. Leo nimemwuliza Rukia usoni, alijua? Ngoja aandike mwenyewe, mimi nanyamaza.

*Mutwiri, ni mimi Rukia. Alijua siku ileile. Nilimwambia, mwite, mwaibishe mbele ya wazee. Akasema, "Ana mtoto kwenye mtihani, nimwite nimwambie nini?" Mimi sikuwa mzuri kama yeye. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia shosho yako miaka mingi, na huku namwandikia barua na kula kwake Krismasi na yeye anakula kwangu Idi. Ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini uliponiambia amesema kwenye mashine yako "na masikio", na kwamba hayo yatasomwa na watu wenye elimu ya dini yangu, wajifunze kutoka kwenye ile ngozi, nilishindwa. Kwa sheria yetu mfanyakazi akifanya hila, hasara si ya mwenye mali tena. Ni yake huyo mfanyakazi. Marehemu aliijua sheria hiyo vizuri, na hakudai. Kama unaandika, andika yote mawili. Usimfanye mume wangu mjinga aliyedanganywa na ngozi. Na sauti yangu haikuharibika. Naomba ufute hilo neno.*

Umesikia. Mimi nimerudi.

Mutwiri, nilikuwa nimekuja hapa nikijua kwamba mwenye aibu katika hii barua ni mimi peke yangu. Lakini kuna yako. Umewapelekea hao watu wa jarida ngozi, ukakata masikio, ukasema mbwa wameyala. Hilo hukufundishwa chuoni. Ulilipata kwangu, bila mimi kukufundisha. Nilidhani niliificha vizuri kumbe ilikuwa inapita kwenye damu kama macho.

Kwa hivyo usiniondoe. Niandike. Usiandike "Bi G." kama mtu anayetafutwa. Andika Gatakaa wa Mikinduri, alimwuza ng'ombe wa mtu, akapeleka ngozi ya uongo. Mweke na Rukia, dakika zake zote kumi na nne. Mwambie mhariri wewe mwenyewe kwamba sauti haikuharibika. Akikukataa, akukatae. Kazi ikiisha Juni, shamba langu halina kibali cha kuingia, na jembe la babu yako bado lina mpini. Lakini kama ukiipata kazi kwa ile karatasi ya kwanza, usije tena hapa na jina la mume wangu.

Baba yako hajui. Nitamwambia mwenyewe, usinisaidie.

Joyline anakusalimu. Anasema vyombo vimetakata.

Sasa nakwambia utakavyofanya ukija, na utakuja Jumamosi ijayo, sikuombi. Usije na mkate wala sukari. Njoo na hiyo karatasi ikiwa imeandikwa upya, na ule wino, tutaweka vidole mimi na Rukia siku moja, meza moja. Kabla ya hapo pitia zizini. Kuna mtamba mwekundu mtupu, hana hata doa, nimemchagua. Mfungue wewe, mwongoze wewe mpaka kwa Rukia mchana watu wakiwa sokoni, na mimi nitakuwa nyuma yenu ninatembea na goti langu zima. Wakiuliza tunampeleka wapi, nitajibu mimi. Na usimguse masikio hata kwa bahati mbaya. Mfikishe nayo yote mawili, Rukia atakata alama yake mwenyewe.

Gatakaa
(kwa mkono wa Rukia)